Chandarua Kisitoke Chumbani

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, jambo lililonichekesha moyoni, maana ofisi nzima siku ile mtu pekee asiyehitaji tena kujua saa ngapi nilikuwa mimi. Mkaniomba pia niwaandikie mambo ya kazi yatakayowafaa ninyi mnaobaki. Nimekaa na ombi hilo mwezi wa nne sasa. Kila nikianza naona naandika hotuba ya mgeni rasmi, nachana. Leo nimeamua kufuata miaka ilivyokwenda tangu siku ya kwanza, na nikifika kwa Tausi nisiruke. Wengi wenu mnamjua Tausi kwa picha tu, yule mtoto wa kwenye bango lililokuwa ukutani karibu na mtungi wa maji. Nilimkosea mtoto yule, na kosa lenyewe nililifanya kazini, nikiwa na akili zangu timamu na nia njema. Ndiyo habari ninayotaka mbaki nayo, hata pale nitakapoonekana nazungumzia matope na mizani.

Niliingia shirikani nikitokea ualimu wa darasa la pili. Walitaka mwanamke wa hapahapa Bagamoyo, anayejua kusalimia watu na kukaa nao, wa kuzunguka vijijini na kliniki ya mkoba, kisha kupita shuleni kuona nani kaacha masomo na kwa nini. Kliniki ya mkoba mnaijua: watu hawaifuati zahanati, muuguzi ndiye anayewafuata na sanduku lake la chanjo begani. Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya na viatu vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya kazi. Muuguzi niliyepangiwa kutembea naye alikuwa Nesi Pili, mstaafu wa serikali, mama mnene mwenye tambuu shavuni, aliyeendesha pikipiki akiwa na miaka sitini. Alinitazama miguuni.

"Viatu hivyo, binti, unakwenda kuolewa au unakwenda kupima watoto?"

Kabla ya adhuhuri, mbele kidogo ya Makurunge, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikukiona tena. Nesi Pili hakupunguza mwendo. Alisema kingine nikitunze, huenda nikapata mchumba wa mguu mmoja.

Kila nilichokijua katika kazi hii alinifundisha yeye. Kila asubuhi kabla ya kutoka tuliipima mizani kwa mfuko wa unga wa kilo tano, maana mizani nayo huchoka, na mizani iliyochoka husema mtoto kanenepa kumbe anaisha. Alinifundisha kutundika mizani kwenye boriti badala ya tawi, kumshika mtoto chini ya makwapa, na kumsifia kwa kumtaja Mungu kwanza ili mama asiogope jicho langu. Zaidi ya yote alinifundisha kuuliza.

"Usimuulize mtu ana watoto wangapi," alisema. "Mtu wa pwani hahesabu wanawe mbele ya mgeni. Atakupunguzia wawili, akuogope mwaka mzima. Muulize: kwako wananawa wangapi?"

Maana yake, chakula kikiwekwa, ni watu wangapi wananawa mikono kukaribia sinia. Hilo halina ubaya, na kila mama analijibu bila kufikiri. Ukishajua hesabu ya wanaonawa unatoa watu wazima, unajua watoto. Nilipenda sana ujanja huu. Miaka ya baadaye, Nesi Pili akiwa ameshatangulia mbele ya haki, niliwafundisha wahudumu wote wa vijijini, nikaingiza swali hilo kwenye fomu zetu, na wageni kutoka makao makuu walipokuja nililieleza kwa madaha kama vile nimelitunga mimi.

Basi tukaenda hivyo. Vigwaza tuligawa viatu vya shule, tukaja kukuta watoto wanakwenda navyo wamevibeba mkononi, wanavivaa mlangoni mwa darasa, wakitoka wanavivua, visije vikaisha. Zinga tulijenga vyoo vya wasichana, mwalimu mkuu akafungia funguo zake kabatini mpaka mgeni rasmi aje kuzindua, na mgeni rasmi alichukua mihula miwili. Mambo ya namna hiyo nilijifunza kuyacheka, maana ukiyalilia yote hutafika kijiji cha pili.

Kisha vikaja vyandarua. Homa ilikuwa ikiua watoto kila masika, na shirika likapata shehena ya vyandarua vya kugawa nyumba kwa nyumba. Niligawa kwa mikono yangu. Baada ya miezi mitatu nikapita kuangalia. Nikavikuta vimefunika miche ya nyanya. Nikavikuta vimezungushiwa vifaranga. Mtoni nikakuta kimoja kinavuta dagaa, na aliyekishika upande wa pili ni mwenyekiti wa kitongoji, akanipa shikamoo kwa haya ingawa ni mkubwa kwangu. Nilikasirika sana. Nilirudi mjini nikakaa na kalamu, nikatunga maneno manne tu: Chandarua kisitoke chumbani, tafadhali. Baadaye tafadhali niliiondoa.

Maneno yale yalishika. Mikutanoni nilikuwa nasema "Chandarua!" na kina mama wanaitikia "Kisitoke chumbani!" kwa vigelegele. Hakuna aliyeitikia kwa nguvu kama Mwajuma.

Mwajuma alikuwa mhudumu wetu wa afya wa kujitolea katika kijiji nitakachokiita Kwa Mduma, ng'ambo ya mashamba ya Makurunge, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kukiwa kukavu. Alikuwa mke wa mkulima wa mpunga, amesoma hadi darasa la saba, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Ukimwambia jambo leo, kesho limefanyika kijiji kizima. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri, ina baraza ndefu mbele, na chumbani chandarua kilichotundikwa kwenye misumari minne, pembe zimenyooka. Tulipotaka picha ya bango sikufikiri mara mbili. Tulimpiga picha amekaa kitandani ndani ya chandarua, na mapajani mwake kitindamimba wake Tausi, miaka miwili, mashavu yamejaa, anamcheka mpiga picha. Chini yake tukaandika yale maneno yangu. Mwajuma akawa mama wa mfano wa tarafa nzima, na bango likasambazwa hadi zahanati ambazo sikuwahi kufika.

Muda si mrefu nilihamishiwa kazi ya shule huko Zinga, nikakaa miaka miwili bila kwenda Kwa Mduma. Niliporudi, Mwajuma alinipokea barazani kwa furaha, akanipa kahawa na kashata. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza habari za nyumbani, akajibu njema. Nikauliza wananawa wangapi siku hizi, nijaze fomu.

"Sita, dada Mwanaidi."

"Tausi wangu simwoni. Au yuko kwa bibi yake Pangani?"

Mwajuma aliangalia kikombe changu, akaniongezea kahawa. Mimi nikachukulia kwamba amekubali. Watoto wangapi wa pwani wamelelewa na bibi zao? Mimi mwenyewe nililelewa na bibi. Nikaandika sita, nikaendelea na nyumba nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka saba. Nilikwenda kwake kila mwezi au kila miezi miwili, nikakaa kwenye baraza ileile. Sikukaribishwa ndani tena hata siku moja. Mlangoni palikuwa na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja, na pazia lile halikupata kufunuliwa mbele yangu. Niliona hivyo, sikuwa kipofu. Mara moja nilisikia sauti ndani, kama mtu anayekoroma mchana, na palepale Mwajuma akapaza sauti kuniuliza kama ni kweli barabara ya mjini inawekwa lami. Nikajibu habari za lami. Nililelewa kwenye nyumba ya mawe mjini, na jambo la kwanza tulilofunzwa watoto wa nyumba zile ni kwamba mgeni hachungulii, na cha mwenzio ukikiona ukifunike. Wenzangu waliotoka mbali nilikuwa nawacheka kwa kukosa adabu hiyo. Nilidhani adabu ndiyo sifa yangu kubwa kazini, na labda kwa nyumba nyingi ilikuwa kweli.

Mwaka ule Neema alipoajiriwa nilikuwa nimebakisha miaka miwili kustaafu. Wengi wenu mnafanya naye kazi, kwa hiyo sitamsifu sana asije akavimba kichwa. Ni muuguzi, kwao Njombe, anasema analofikiri kabla hajamaliza kulifikiri. Nilipewa nimfunze, kama Nesi Pili alivyonifunza mimi. Siku ya tatu nikampeleka Kwa Mduma. Mwajuma alitukaribisha barazani, akatandika mkeka, akachukua ndoo kwenda kututekea maji kisimani. Tukabaki wawili.

Ndani pakasikika kikohozi. Kikafuatia kingine, kisha sauti ya mtu anayetafuta pumzi. Mimi nilitazama uani. Neema aliinuka, akafunua pazia, akaingia.

"Neema! Rudi hapa! Nyumba ya watu hiyo!"

"Mama, kuna mtoto huku anapaliwa!"

Nakiri mbele yenu: sikuinuka mara moja. Nilikaa kwenye mkeka nikifikiria nitamwomba vipi Mwajuma radhi kwa utovu wa adabu wa mwenzangu. Neema aliponiita mara ya pili, kwa ukali, ndipo nilipoinuka nikaingia.

Chandarua kilikuwa bado kwenye misumari yake minne, pembe zimenyooka, kimeshonwashonwa. Chini yake palikuwa na msichana. Neema alikuwa amemgeuza ubavu, anamfuta uji mdomoni. Magoti yake yalikuwa yamekunjika hadi karibu na kifua na hayakuweza kunyooka, mikono imejipinda kwenye viganja. Alikuwa safi. Nywele zimesukwa, amepakwa mafuta, shuka imenyooshwa, ananukia karafuu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwili wa mtoto wa miaka mitano. Alinitazama, akacheka, na kwa cheko lile nikamjua.

Mwajuma alirudi na ndoo kichwani. Akaona viatu vyetu mlangoni na mkeka mtupu. Aliitua ndoo, akaifunika, akaingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda.

"Ni Tausi, dada," aliniambia.

"Namuona."

"Alipata degedege. Ule mwaka ulipokwenda Zinga. Tulikuwa dunguni, tunalinda ndege."

Hapa inabidi niwaeleze wale wa mjini, kama nilivyohitaji kuelezwa mimi. Mpunga ukianza kushika punje, familia za mashambani zinahama nyumba. Zinakwenda kuishi bondeni shambani, kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, baba, mama na watoto, wiki tano au sita, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Bondeni kumejaa maji na mbu. Mimi nilizaliwa kilomita chache kutoka mabonde hayo, nikala mchele wake maisha yangu yote, na sikuwahi kulala dunguni hata siku moja. Nilijua madungu yapo. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wanalala humo.

"Na chandarua?" nilimuuliza, ingawa nilikwishajua.

"Kilibaki hapa." Alionyesha misumari. "Baba yake alitaka tukibebe. Nikamwambia hapana, dada Mwanaidi kasema kisitoke chumbani. Wallahi dada, tuligombana. Nikamwambia sisi ndio tuko kwenye picha, tukionekana njiani na chandarua begani watu watasemaje?"

Neema aliacha kufuta.

"Kwa nini hukuniambia, Mwajuma? Miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje? Nije nikwambie, lile neno lako ndilo lililomfanya mwanangu hivi? Wewe uliyekuwa unakuja kwangu na nguo za watoto? Nilisema nikustiri. Na mimi nijistiri. Mama wa mfano, mtoto wake yuko hivi." Akamvutia Tausi shuka. "Hukunifikisha hata mara moja pa kusema uongo. Uliuliza wanaonawa. Huyu hanawi, analishwa."

Nililia mbele yao, na yeye Mwajuma ndiye aliyenibembeleza. Jambo hilo hadi leo linanichoma kuliko mengine. Niliingia nyumba ile nikiwa mkosaji, nikatoka nimefutwa machozi na niliyemkosea.

Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Jirani yake alikuwa akimgeuza Tausi mchana Mwajuma akiwa amezunguka na madaftari yetu. Mwingine alikuwa akimsuka nywele. Mwenyekiti alijua, hata mwalimu mkuu alijua. Walimsitiri mwenzao mbele ya wageni, kama dini na mila zinavyotaka, na mgeni aliyesitiriwa jambo lile alikuwa mimi, niliyejiona mwenyeji.

Tulimpeleka Tausi hospitali wiki ileile. Dawa za kifafa zilipatikana, na degedege zilizokuwa zikimjia mara nyingi kwa siku zikapungua hadi moja moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima, akamuuliza Mwajuma anamlishaje.

"Namlaza chali, namnywesha uji taratibu."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Akatueleza kwamba mtoto wa namna hii akilishwa amelala, chakula kidogo kinaingia njia ya hewa kila siku, na kifua kinaharibika kidogo kidogo. Anatakiwa akae wima, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo, na kijiko kiingie kutokea chini. Alituonyesha kwa mkono wake. Somo zima lilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilikuwa nimefika nyumba ile zaidi ya mara sitini. Kuhusu miguu alisema ingenyooshwa mapema angeweza kukaa, huenda na kusimama. Kuhusu kifua hakusema mengi.

Fundi seremala wa mjini alimtengenezea kiti cha mbao za mwembe, chenye mikanda na meza ndogo mbele. Alikuja mwenyewe kumpima, akakosea mara mbili, akakirudia bila kununa. Tausi alipokalishwa mara ya kwanza barazani, watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walisimama, wakamwita kwa jina. Hapo ndipo tulipojua ana marafiki. Walikuwa wakizungumza naye dirishani tangu wakiwa wadogo, na kila kundi lilipokua na kuacha, jingine lilichukua nafasi.

Shule ya Kwa Mduma kengele yake ni rimu la gari lililotundikwa mtini, linagongwa kwa nondo. Kila likigongwa Tausi alikuwa anacheka, mwili mzima unatikisika. Alikuwa amelisikia miaka minane akiwa kitandani. Mwalimu mkuu alikubali aletwe, na ndugu zake wakawa wanambeba na kiti chake. Alikaa darasa la kwanza, karibu na dirisha. Kusema hakuweza, lakini mwalimu aligundua kwamba akimuuliza jambo anajibu kwa macho: juu ndiyo, pembeni hapana. Alimwekea picha mbili, ya kuku na ya jogoo, akamuuliza yupi anataga. Tausi akatazama kuku, kisha akamtazama mwalimu kwa namna ya kumuuliza kama kweli hana swali gumu kuliko hilo. Darasa zima lilicheka. Alihudhuria siku kumi na moja.

Kipupwe kilipoingia kifua kikambana. Tulimpeleka zahanati, kisha hospitali, wakampa dawa, wakamwekea hewa. Alirudi nyumbani, akashikwa tena. Alifariki saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mapajani mwa mama yake, tangu tulipomkuta ikiwa imepita miezi saba.

Nilifika wakati wachimba kaburi wamemtuma mtu kuja kuchukua kipimo. Mjomba wake alisimama mlangoni na ufito mkononi, akauliza urefu. Kina mama tukatazamana. Tulijaribu kumnyoosha miguu kwa mafuta na maji ya vuguvugu, ikakataa. Mwishowe Mwajuma akasema, "Chimbeni fupi, lakini pana." Akaomba niwe miongoni mwa wanaomwosha. Nilimwosha. Tulimvika sanda akiwa amekunjika, ubavu, na alionekana amelala tu.

Kwenye ripoti ya robo mwaka ile, kosa langu liliitwa changamoto. Nilikuwa nimeandika mistari mingi, ikarudi kutoka juu ikiwa mmoja. Bango nililibandua mwenyewe ukutani. Siku hizi fomu inauliza familia inalala wapi katika kila msimu, shamba, ufukweni au nyumbani, na chandarua kinamfuata mtu. Inauliza pia nani nyumbani analishwa. Msije mkafuta maswali hayo kwa kutafuta fomu fupi. Na mkifika mahali mkaona mnapafahamu sana, mchukueni mgeni mkae naye, mkimkanya kidogo tu.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini siku ya tatu ya msiba, tulipomaliza hitima na watu wameanza kutawanyika, Mwajuma alinishika mkono barazani.

"Vaa viatu, dada. Twende."

Nilimwambia apumzike, mtu hatembei siku ya hitima ya mwanawe. Alinitangulia hadi nyumba ya tatu kutoka kwake, yenye pazia jeupe mlangoni. Nimekaa kwenye baraza ya nyumba ile mara nyingi. Nimeandika pale, mwaka baada ya mwaka, wanaonawa wanne. Mwajuma alipiga hodi, mwanamke mmoja akatoka, ambaye dakika chache tu nyuma alikuwa nasi msibani. Alipotuona sisi wawili alisimama katikati ya mlango.

"Shoga," Mwajuma alimwambia, "mtoe mwanao. Wangu mimi katoka na jeneza."

Yule mwanamke alinitazama, akamtazama mwenzake.

"Huyu ataandika?"

"Ataandika."

Akasogea kando. Sikungoja kukaribishwa. Juu ya mkeka, amelazwa chali, palikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne hivi, na pembeni yake bakuli la uji uliokwisha kupoa. Nilikaa chini, nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamshika kidevu kiiname kidogo. Mwajuma alichukua kijiko, akapiga magoti mbele yetu na kanga yake ya msibani.

"Polepole," nilimwambia.

"Najua," alisema.

Akamtilia kijiko kutokea chini. Mtoto alimeza. Tulingoja, sote watatu, tusikie kama atakohoa. Hakukohoa. Akafungua mdomo tena.